Mashine Iliyopona Siku ya Salongo

Kwenye kivuko cha kwenda Lubunga, karani Zaituni alishindwa kuificha furaha yake, akamgeukia mwanamume asiyemjua.

"Papa, ordinateur yangu, kompyuta ya kazi, ilikuwa inakufa kila siku. Batu ya bureau bote banachukuaka dossier, faili zabo, ndani yake kupitia waya. Tulibadilisha courant ya umeme, pasta aliomba, bure! Alors, siku ya samedi bote balienda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufagia mji. Nilibakia peke yangu na mashine, haikuzimika hata mara moja. Kumbe batu balikuwa mingi, ililemewa! Sasa banaingia mumoja-mumoja. Aksanti salongo!"

"C'est bien," alijibu yule mwanamume, akiinyoosha abacost yake, koti la wakubwa wa serikali, yenye beji ya chama tawala. "Na weye, mama, haukufagia juu ya nini?"

Kivuko kiligusa ukingo. Zaituni akakishukuru nacho, akawa wa kwanza kushuka.