Mwaka Nyasi Zilipopanda Bei Kituntu

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Leo nataka kuwaeleza Bwana alivyonitoa katika wivu, enzi za Mwingereza, tulipokuwa tukiuza nyasi hapa Kituntu.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba za bati na saruji hamkuijua harufu ile. Kila Jumamosi tulitandika nyasi mbichi sakafuni, na Jumapili nyumba nzima ilinukia kilima. Kwa nyasi tuliezeka, kwa nyasi tulifunika udongo wa migomba na kahawa. Wanawake tulipanda vilimani kukata tukiimba, tukashuka na mizigo kichwani mpaka sokoni Kanoni. Nikiyakumbuka hayo, machozi hunilengalenga.

Wakati wa mvua mzigo mmoja ulikuwa senti kumi. Kiangazi ulifika thumni, senti hamsini. Mwaka mmoja vilima vya upande wa Nyakakika vikaungua, wenye kahawa nyingi wakaja huku kutafuta nyasi, na mzigo ukafika shilingi nzima. Mimi nilikuwa nimerundika mizigo yangu nyuma ya nyumba, nikingoja bei ipande zaidi. Lakini jirani yangu Paskazia, mjane, alikuwa na kilima kizima cha nyasi, naye aliuza kwa thumni ileile. Alisema watu wanataka kuezeka kabla ya mvua. Wanunuzi wote wakaenda kwake.

Ndugu zangu, moyo wangu ulichafuka! Adhuhuri moja nilichukua kaa la moto kwenye kigae, nikaziwasha nyasi za Paskazia.

Upepo ukageuka. Moto ukashuka hadi kwangu, ukala mizigo yangu, ukashika paa. Ndani alilala mama mkwe wangu, aliyekuwa amepooza miguu. Nilisimama uani, sikuthubutu kuingia. Paskazia alikuja mbio, akajifunika blanketi alilolilowesha kwa maji ya mtungi wangu, akaingia. Alitoka na mama mgongoni, mkono wake umebabuka.

Nikaanguka miguuni pake. "Dada, moto huu nimeuwasha mimi."

Aliupuliza mkono. "Najua," akasema. "Nilikuona ukiinama."

Aliniona, na bado aliingia! Palepale kwenye majivu nilimlilia Yesu, naye akaung'oa ule wivu. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, huku mume wangu ameinamisha kichwa. Mvua ziliporudi nyasi zikaota, nami nikamkatia Paskazia mpaka mkono ukapona, nikaziuza kwa niaba yake kwa bei aliyotaka yeye. Mama mkwe aliishi, akawapakata wanangu wawili waliozaliwa baadaye.

Paskazia amekwisha kutangulia. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku. Basi, kama yupo hapa aliyemuumiza jirani na hajamwambia, asingoje ibada iishe. Ainuke aende. Yesu atakwenda naye mpaka mlangoni.