Mshipi Usio na Rangi wa Mama Odessa Pruitt

Marehemu Odessa Mayfield Pruitt alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 karibu na mji wa Oakland, Mississippi, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Hosea Mayfield na Bibi Lula. Alikuwa na miaka minne bwawa la Enid lilipokamilika na maji yakapanda mashambani. Baba yake alipenda kusema kwamba maji yalimnyang'anya pamba, yakamlipa samaki.

Alisoma shule ya watoto weusi ya hapo kijijini, kisha akahitimu sekondari Mei 1966. Alikuwa hodari wa hesabu, ingawa mwenyewe alisema kilichomfikisha mwisho ni kumwogopa mama yake.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, akawa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza pale kukalia cherehani badala ya kushika ufagio. Alishona kola mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1995. Uzi ukitaka kukatika, kidole chake kilijua kabla ya mashine. Kidole hichohicho ndicho alichokwenda nacho ziwani kuvua.

Tarehe 13 Juni 1970 alifunga ndoa na Bwana Cleotha Pruitt, fundi wa magari, wakajaliwa watoto wawili, Renita na Hosea. Waliishi kwa upendo mwingi na ubishi mmoja, wa mshipi wa kuvulia. Samaki wetu krapi ana mdomo laini, na mara nyingi hukimeza chambo akipanda juu, hata mshipi usivutike bali ulegee tu. Marehemu alitumia nailoni nyembamba isiyo na rangi. Aliupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, akafumba macho, akasubiri. Mzee Cleotha alitumia wa manjano, apate kuuona ukilegea.

"Cleotha, hiyo kamba ya kuanikia nguo utaitoa lini?"

"Siku utakayonishinda."

"Basi ingeshatoka zamani, bwana wee."

Na kweli ndoo ya mkewe ndiyo iliyojaa. Wengi mliopo hapa mmekula samaki wake.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2009. Kufikia masika ya 2018 vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, naye hakumwambia mtu. Akawa anarudi na ndoo tupu. Leo analaumu upepo, kesho matope. Siku moja Mzee Cleotha, akiwa nyuma ya mashua, aliona ncha ya ufito wa kuvulia wa mkewe ikiinuka kidogo. Samaki alikuwa amekula. Mama Odessa alikuwa ametulia na macho kayafumba, hana habari, mpaka samaki akakitema chambo akaenda zake.

Mzee alijifanya hakuona. Alimjua mkewe: akionewa huruma, ataacha uvuvi siku hiyohiyo. Nyumbani aliutoa mshipi wa mkewe akaweka wa manjano, na safari iliyofuata akajikausha.

"Nani kaniharibia ufito wangu?"

"Mimi. Dukani walibaki na huo tu."

"Mwongo mkubwa! Tangu lini wale wakaishiwa na nailoni?"

"Odessa, gomba baadaye. Tazama mshipi."

Ulikuwa umelegea. Akainua ufito polepole, krapi mnene akaja hadi mashuani. Mama Odessa alilia, kisha akacheka, kisha akasema, "Ukithubutu kuwaambia watu wa kanisani, nakuhama." Siri hiyo inatolewa leo kwa idhini ya Mzee, ambaye amesema yuko tayari kwenda kujibu mashtaka huko mbele. Tangu siku ile marehemu alivua kwa macho, na alivua vizuri.

Mwaka jana figo zake zilidhoofika. Aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 22 Machi 2024, mumewe akiwa ameushika mkono wake. Krapi walikuwa wameshasogea ufukweni kutaga mayai, na msimu huu ameukosa. Inatuuma sana.

Ameacha watoto wake Renita na Hosea, wajukuu watano, dada yake Bi. Earline Mayfield, kanisa lake alilolipenda, na mumewe Cleotha.

Jana Renita alipomaliza kumvisha mama yake gauni jeupe la Mama wa Kanisa, cheo cha heshima cha wanawake wazee, alitaka amfunge kidoleni kipande cha mshipi wa manjano. Baba yake alikataa. Alikwenda stoo, akarudi na kigurudumu cha zamani cha kukunjia mshipi, akamzungushia ule mwembamba usio na rangi kwenye kidole cha shahada.

"Baba, huo hatauona," Renita alisema.

"Hana haja ya kuuona, mwanangu. Huko alikokwenda kidole kimepona."

Bwana ampokee, naye apumzike kwa amani.