Benchi la Waliorudia Hesabu

Benchi letu liko kwenye kona, nje ya chuo cha ufundi hapa Duluth, na wenyeji wake ni sisi tulioshindwa hesabu. Mimi, Gunnar, nimerudia mara mbili. Odell tunamwita Mkongwe. Amerudia mpaka mlinzi anamwamkia akidhani ni mwalimu. Wendell, jina la kijiweni Kipeo, huleta chupa ya kahawa pamoja na majibu ya kila kitu. Asubuhi hiyo ya theluji akaja Lorna, mpishi wa shule. Alikuwa na mtihani wa integro, ile hesabu ya kutafuta eneo lililo chini ya mstari uliopinda, na akianguka tena nafasi yake ya uhandisi anapewa mwingine. Akatuamini sisi, maskini ya Mungu.

— Jamani, naingia sasa hivi. Integro ya tatu x mraba?

— Rahisi, dada, akasema Mkongwe. Ile mbili ya mraba inashuka mbele, inazidisha. Sita x.

— Wewe unashuka wakati wenzio wanapanda! Kipeo akaruka, kahawa ikamwagikia glavu. Kwenye integro unaongeza moja juu, halafu unagawanya kwa hiyo namba mpya. Inabaki x kipeo cha tatu. Kwisha.

— Na ile C ya kujumlisha je? nikadakia. Mimi iliniangusha hiyo.

— C ya nini tena, Gunnar? akauliza Kipeo.

— Sijui. Ila usipoiweka mwishoni, mwalimu ananuna.

— C ni bima, akasema Mkongwe. Ukikosea kote, unamwambia kosa limo humo ndani ya C.

— Kwa hiyo niandike sita x, kisha C? Lorna alishaanza kuandika daftarini.

— Usimsikilize! C waliibuni watu wa kusini, wasioijua baridi, akasema Kipeo. Huku kwetu haina kazi. Mimi mwaka jana sikuiweka kabisa.

— Ukapata ngapi? Lorna akamwuliza.

— Nilipata ushauri.

Msichana mmoja mgeni, aliyekuwa anangoja taa za barabarani kando yetu, akageuka.

— Samahani, kati yenu nani ameshafaulu somo hili?

Mkongwe akatazama viatu. Kipeo akatikisa chupa yake, kumbe imebaki tupu. Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni.

— Wewe umefaulu? Lorna akamwuliza.

— Muhula uliopita.

— Basi twende, unieleze njiani.

Wakavuka barabara, Lorna akifuta sita x huku anatembea. Niliomba kwa moyo wangu wote asirudi kukaa nasi tena.