Marcellin, Mutu Aliyefunga Maji

Ndugu na dada, jamaa imenituma mimi Emérance, shangazi ya Marcellin, nisome hii karatasi, na yule anayesema chini kwa chini kama marehemu alikuwa mwizi wa vyuma vya sosiete, kampuni iliyomupa kazi, anyamaze kwanza.

Marcellin alizaliwa kule Kilo tarehe 14 mwezi wa ine 1988, mutoto wa tatu wa Félicien, muchimba zahabu, na Elisabeth, wote marehemu. Alianza masomo Nizi mu 1994, vita ikatukuta, mwezi wa tano 2003 baba yake akakatwa mapanga mbele yake, siye tukakimbia mpaka Bunia na nguo za mwilini tu, hapa akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mu 2008, kisha licence ya université ya Kisangani mu kemia mu 2014.

Mu 2016 aliingia kazi mu sosiete moja inayosafisha zahabu na sianire, sumu inayoangusha ng'ombe kabla amalize kumeza. Aliandika mu ordinatere, ile kompyuta, kila réaction, nini inaungana na nini, inazaa nini, kwa mbio gani, halafu mashini inaonyesha siku ngapi maji machafu ya bwawa la sosiete yatabaki na sumu. Tarehe 22 mwezi wa nane 2017 alioa Débora, wakazaa Yves na Gracieuse.

Sitamupaka mafuta, kosa la kwanza lilikuwa lake. Ile mbio ya sumu kuisha aliitoa mu kitabu, ya maji ya kina kifupi yenye kupigwa na jua, mashini ikasema siku tisa, kumbe bwawa la pale ni la matope na linaingia chini sana. Akapima mwenyewe, akaandika mbio mupya, zikatoka siku makumi tatu na moja. Chef wake wa kazi akamucheka, asema weye bwana wa ordinatere, rudi kwa kiti yako, maji inatoka kesho kwenda mutoni. Tarehe 3 mwezi wa kenda 2025, saa mbili ya asubui, walipofungua vane, kile chuma cha kufungulia maji, Marcellin akaifunga, akang'oa mukono wa kuizungusha, akautupa mu bwawa, maji yakabaki ndani. Walinzi wa sosiete wakamupiga na vyuma, wakavunja mikono, taya na mbavu, wakamuburuta mpaka barabarani wakimuita mwizi wa vyuma. Alikufa tarehe 8, hospitalini, miaka makumi tatu na saba.

Tunashukuru wanganga walioshona palipobaki pa kushona, majirani waliomubeba na shuka zao, na wenzake wa kazi waliokuja hata chef alipowakataza. Na ninyi wa chini ya mto, ambao watoto wenu walikunywa maji asubui hii na wako wazima, mukisikia mutu anamuita mwizi, mujibu ninyi, mimi nimezeeka.

Marcellin, ulikosea, ukatengeneza. Sasa pumzika kwa amani.