Sakafu ya Wageni

Mheshimiwa mwakilishi wa gavana, Padri wetu mkuu wa parokia, papa na maman wa komite ya wazazi, walimu wenzangu, ninyi wageni mlioketi mbele na ninyi mliosimama barazani kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu wote, na wale wa barazani nawasalimu mara mbili, kwani mvua inawapiga miguuni.

Mimi Gisèle, mkuu wa shule hii na mwenyekiti wa komite ya ujenzi, nimeombwa niseme maneno ya kufungua ukumbi. Nimechoka, ndugu zangu. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nani humu hajachoka? Vita ya kwanza ilitukuta bado tuna nguvu za kukimbia. Hii ya pili imetukuta tumekaa tu, tunasikiliza risasi upande wa mtaa wa Panzi na kuulizana kama watoto wamekula. Kwa hiyo mtanivumilia nikianza na habari ya mchezo wa kompyuta. Najua, Padri, ulitarajia nianze na sala.

Mnakumbuka msimu ule masomo yalipokuwa yanakatika kabla ya saa sita kwa sababu ya hofu. Walimu hatukuwa na mshahara wala pa kwenda. Guy, mtoto wa dada yangu, alituwekea kwenye kompyuta ya sekretarieti mchezo wa kujenga koloni: unapewa nchi tupu na watu wachache, wadogo kama kidole, uwachimbie kisima, uwalimie, uwajengee. Papa Zagabe, mwalimu wetu wa hesabu, aliposikia neno koloni aliuliza kama ile tuliyotoka haikututosha. Lakini ndiye aliyevuta kiti karibu kuliko wote, na umeme ulipokuja hakuna aliyeweza kumng'oa.

Basi watu wetu wakapata ukuta, wakapata shamba, na siku moja mchezo ukatuuliza: sakafu mnataka ya namna gani? Mbaki na udongo, au mbao nyekundu kama za mti wa libuyu, au zulia, au marumaru? Jamani, tuligombana! Risasi zinalia mjini, na watu wazima wenye diploma wanagombania rangi ya marumaru. Maman Lydie wa jiografia alitaka mbao, maana alisema zina joto. Papa Zagabe alitaka marumaru nyeupe, tena alitaka iwekwe mahali pamoja tu, saloni, chumba cha kupokea wageni. "Mugeni akifika," alisema, "atakanyaga wapi? Mu matope?" Hapo sote tulikubali, hata Lydie. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Saloni ina kitambaa kwenye kila kiti, watoto wanafukuzwa wakiingia, na sisi wenyewe tunakula jikoni, sahani juu ya magoti.

Mawe yetu yote ya marumaru yakaishia mle. Tukafunga mlango, tukangoja wageni. Watu wetu wakawa wanalala kwenye udongo na kula wamesimama kwenye matope, na kale kauso ka kuonyesha furaha, kanakoonekana juu ya kichwa cha kila mmoja, kakageuka kekundu, kwa huyu, kwa yule, mpaka kwa wote. Wakaacha kulima. Wakaanza kupigana. Mmoja akakaa chini nje ya saloni, mgongo ukutani, akakataa kuinuka. Papa Zagabe akasema wavumilie, wageni watakuja. Akaja mfanyabiashara mmoja, akasimama getini, akauza chumvi yake, akaondoka zake bila hata kuchungulia.

Lydie hakuomba ruhusa. Alifungua ule mlango, akahamishia vitanda na meza ya kulia juu ya marumaru. Papa Zagabe alichukua koti lake akaenda nyumbani bila kuaga. Kesho yake nyuso zilikuwa za kijani tena, na yule wa ukutani alikuwa shambani. Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nilidhani tumejifunza kitu.

Mheshimiwa, tazama chini ya viatu vyako. Karo hizi, vigae vya sakafu, zilipanda kutoka Uvira kwa njia ya Sange, zimefichwa katikati ya magunia ya mchele ili wenye bunduki wasizione. Fundi Anaclet alizipanga kwa subira ambayo mimi sina tena. Rangi alichagua Papa Zagabe, na namsifu mbele yenu wote: sakafu ni nyeupe, imenyooka, mtu anaweza kujitazama. Na komite yetu, watu wale wale wa mchezo, imeamua nini? Imeamua kwamba baada ya sherehe mlango ufungwe, na ukumbi ungojee wageni.

Sasa geukeni mtazame barazani. Hawa wametoka upande wa Katana, walikimbia vita na walichoweza kubeba, na tangu mvua zianze wanalala hapo hapo wanaposimama. Yule mwenye mtoto mgongoni ni Maman Delphine. Mtoto wake, Joviale, anakohoa usiku na mchana, na muuguzi ameniambia wazi kwamba akiendelea kulala kwenye maji hataumaliza mwezi huu. Jana nilikuja na ufunguo kukagua viti hivi mlivyokalia. Delphine akaniuliza kwa adabu, hata sauti hakupandisha: "Maman, mule ndani nani analalaka?"

Nikamwambia hakuna mtu.

"Basi ile sakafu muzuri iko inangoja nani?"

Nimezoea kujibu wakaguzi, wanajeshi na wazazi wenye hasira, lakini mbele ya huyu niligeuza tu ufunguo mlangoni. Nilirudi nyumbani nikiona aibu, na bado ninayo.

Wageni wetu wapendwa, mmeshafika. Mmekanyaga, mmesifu, na tunawashukuru kwa moyo wote. Sasa naomba jambo ambalo halimo kwenye programu, na wanakomite wenzangu wanaweza kuninyang'anya uenyekiti kesho. Nitalala vizuri zaidi. Mlango huu usifungwe. Maman Delphine, ufunguo ndio huu. Pita katikati, mpenzi, usijali miguu yenye matope, maji yapo na kitambaa kipo.

Papa Zagabe, naona umeinuka. Kama unataka kunipinga ni haki yako, ila sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.

Hamkumsikia? Amesema: "Hii meza ya Mheshimiwa iko nzito. Munipe mutu wa upande ingine."

Asante, Papa, itoeni nje. Vinywaji tutavinywa nje, chini ya bati, tumesimama. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa, na sasa kila mtu atoke na kiti chake, mtoto anataka kulala.