Yowe la Mstari wa Chini

Ndugu zangu, nimeomba dakika chache, na mwenyekiti amenipa kwa sharti kwamba nisirefushe. Nitajaribu. Mnanijua, mimi nikinyamaza mwili unaniwasha, na jambo hili limeniwasha tangu mvua za mwaka juzi. Sitamtaja mtu. Mwenye jambo nilimwendea nyumbani kwake nikamwomba ruhusa, akasema, sema, ila jina langu liache. Kwa hiyo ninyi mnaomjua, tafadhali msimgeukie.

Nianzie kule tulikotoka. Kule kilimani, kabla hatujahamishiwa hapa barabarani, tulikuwa nyumba saba. Migomba ya huyu iliishia pale ilipoanzia ya yule. Yowe likipigwa, mtu hakuuliza. Unaacha jembe, unakwenda. Mgonjwa analazwa kwenye machela, wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma ili kupokezana mpaka zahanati. Usipokwenda, jioni nyumba zote zinajua, na siku yako ikifika utabebwa na mkeo. Tulijisifu kwamba sisi Waha tuna huruma. Labda tulikuwa nayo. Lakini nawaambia, siku hizi nafikiri tulikuwa wachache tu, na mtu mmoja akikosekana pengo lake lilionekana.

Tukaja hapa. Nyumba zikapangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule, kumi kumi, na kila kumi ikapewa balozi wake. Mimi niko mstari wa juu. Sikatai, kijiji kina faida zake, shule iko karibu na maji yako karibu. Ila sikutambua kwamba hesabu ile ya kumi kumi ilikuwa imeniingia kichwani na kukaa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, saa tisa hivi. Nilikuwa nimeanika maharage uwanjani, na wingu lilikuwa linapanda upande wa Burundi. Nikasikia yowe. Nililisikia vizuri, ndugu zangu, msije mkadhani nasimulia habari ya kuambiwa. Lilitoka mstari wa chini. Nikaondoka pale kwenye maharage mpaka kwenye ua wangu, nikasimama. Jirani wa kushoto naye alikuwa kasimama kwenye ua wake. Wa kulia vilevile. Tukawa tunatazamana, kila mmoja anangoja kuona kama mwenzake atakwenda. Kwa kuwa hakuna aliyekwenda, kila mmoja akaona basi si jambo kubwa.

Nikajiambia, ile ni kumi ya chini, wana balozi wao. Tena sauti niliitambua, ilikuwa ya mmoja wa wale waliovuka mpaka wakati wa machafuko ya kwao wakaomba viwanja hapa. Nikasema, hao wana wenzao. Hapo nilikuwa nimekwisha kupata sababu mbili, na mvua ikanipa ya tatu. Nikarudi kuanua maharage.

Yule bwana aliyekuwa akiita alikuwa na mke aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hakutoka. Wale wenzake niliowategemea walikuwa wamekwenda kulima ng'ambo ya bonde. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha akamfunga mkewe mgongoni kwa kanga mbili, akamtelemsha mpaka mtoni na kumpandisha upande wa pili, peke yake, mvuani. Mama alipona. Mtoto alizikwa kesho yake.

Tulikwenda kwenye msiba, bila shaka. Kwa misiba sisi hatushindwi. Nilikaa kwenye jamvi karibu na yule bwana, nikampa pole, na kabla hajaniuliza neno nikasema, "Hatukusikia, jirani. Upepo ulikuwa unakwenda upande ule." Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Aliyekuja baada yangu naye alisema upepo. Na wa tatu. Jua lilipotua, upepo ulikuwa umekuwa habari ya kijiji kizima, na mtoto wa shule angeweza kuusimulia.

Basi raha yangu ikaishia pale. Nikikaa, nanyanyuka. Nikianza kupalilia tuta hili, narukia lile. Nikaenda kilabuni, nikaacha pombe nusu kata, nikarudi nyumbani, nikatoka tena. Mke wangu akauliza kama nina minyoo. Na kikaniingia kitu cha ajabu, nikawa mtu wa kusaidia. Nani anaezeka nyumba, nipo. Nani ana msiba Munanila, nimetangulia kabla ya ndugu zake. Mzee mmoja alinisifu hapahapa kanisani, mbele yenu, na mkapiga makofi. Lakini nilisaidia kijiji kizima isipokuwa nyumba moja. Kwenda kisimani nilikuwa nazunguka nyuma ya shule ili nisipite mlangoni pake. Sasa mniambie, ule ulikuwa wema au woga? Mimi nilijua hata wakati ule, ndiyo maana makofi yenu yaliniudhi.

Mwaka ukapita hivyo. Kiangazi kilichofuata nikaenda na mke wangu kukata mti kule chini, karibu na bonde, tupate nguzo za jiko. Mti ulijisokota kwenye kisiki ukaangukia nisipopatarajia. Mguu huu, chini ya goti, mfupa ukatoka nje. Damu ilikuwa nyingi. Mke wangu akapiga yowe.

Watu walikuja, nisiwasingizie. Wakafika saba au wanane. Wakasimama. Mmoja akasema atafutwe balozi. Mwingine akauliza hapa ni eneo la kumi gani. Mwingine akashika kichwa akasema maskini, maskini. Nilikuwa nimelala chali nawaona wote, na katika kila uso nikaona uso wangu wa siku ile kwenye ua. Mke wangu analia, "Jamani, msaidieni," na jamani hakuna anayeitwa jina hilo. Nikaelewa kwamba nitakufa mbele ya watu wema.

Ndipo yeye akatokea, yule bwana wa mstari wa chini. Shamba lake liko jirani na pale. Hakusema pole. Alivua shati akanifunga paja kwa nguvu, halafu akaanza kuwaonyesha watu kidole, mmoja mmoja. Wewe mwenye kofia, kata miti miwili, mirefu kuliko yeye. Wewe, lete kamba ya mbuzi wako. Wewe na wewe, mtashika mbele. Mama, acha kulia, tafuta maji. Ndugu zangu, watu walewale waliokuwa wamesimama kama magogo walikimbia! Yule aliyekuwa anasema maskini ndiye aliyerudi wa kwanza. Muda mfupi tu nilikuwa juu ya machela.

Yeye alishika mti kwa nyuma, upande wa kichwa changu, kwa hiyo njia nzima nilikuwa namwona usoni kinyumenyume. Tukashuka mtoni. Pale majini, machela ikiyumba, nikaona siwezi tena. Nikamwambia, "Siku ile nilisikia."

Akasema, "Najua. Nilipita na mke wangu pale njia panda, nikakuona unaanua maharage."

"Sasa kwa nini unanibeba?"

"Nyamaza, ukisema unakuwa mzito."

Tukavuka. Kwenye mpando walipokezana watu wawili, yeye hakuuachia mti wake. Nilikuwa nalia, na si kwa mguu. Tulipokaribia zahanati akasema mwenyewe, pole pole kwa sababu ya kuhema, "Nilipoushika huu mti sikuwa nakupenda. Nilikuwa nakuchukia. Nimeanza kukuonea huruma hapa juu mlimani, kwa kuwa nimeshachoka kwa ajili yako."

Nimeyageuza maneno yale tangu siku hiyo na bado hayajaniacha nikatulia. Mimi nilikuwa nangoja huruma inijie ndipo ninyanyuke. Yeye alinyanyuka bila huruma, na huruma ikamkuta njiani.

Mganga wa zahanati, mtu wa pwani, alipofungua daftari lake aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Mke wangu alikuwa bado yuko nyuma. Yule bwana akasema, andika mimi. Kutoka pale nilipelekwa Kasulu kwa gari, nikalala miezi mitatu. Mguu umepona, ingawa umekuwa mfupi kidogo, mnaniona ninavyotembea kama bata.

Sasa shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru mganga yule, aliyenifunga kwa mikono safi na maneno makali. Wanawake wa kumi ya juu, mlinilimia shamba msimu mzima, mkanicheka kwa ajili ya magugu, asanteni kwa yote mawili. Mke wangu, asante. Na wewe nisiyekutaja, nimekushukuru mara nyingi na kila mara unaniambia nyamaza, basi leo vumilia.

Kuna msemo tunaoupenda, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi aliyenifaa hakuwa rafiki, nilikuwa nimemkosea, na juu ya hayo nikamdanganya. Kwa hiyo ninachowaomba ni kidogo. Ukipata shida usiite kijiji, kijiji hakina miguu. Mtazame mtu mmoja machoni umpe kitu cha kushika. Na ukisikia yowe, usisimame kwenye ua kusoma uso wa jirani, maana naye anausoma wako. Nenda hata kama moyo umebaki nyumbani.

Mwenyekiti, najua, namalizia. Kuna jambo moja nimemwahidi mke wa yule bwana, aliyekaa humu ndani na kuambiwa upepo kwa miaka miwili. Nilimwahidi kwamba leo nitauliza. Ndugu zangu, aliyelisikia yowe lile siku ile, naomba asimame. Sitamtaja mtu. Mimi wa kwanza.

Asante, mzee. Asante, mama. Na wewe, asante. Ninyi watatu wa pale dirishani, asanteni. Na kule nyuma. Naam. Naam, nawaona.

Na wewe, mama wa mstari wa chini, tazama. Tulitosha kukubeba, na wa kupokezana wangebaki.