Fundi Komeo na Uzio wa Mbele ya Jukwaa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa vizuizi. Zile fensi za chuma zinazotenganisha umati na jukwaa, yeye ndiye aliyekuwa akizipanga. Wenzake walimwita Komeo.

Hata nyumbani hakupumzika. Wageni wakija, alihangaika kuacha njia mpaka mlangoni. Mkewe alimtania, "Baba watoto, hapa sebuleni au uwanjani?" Naye alimjibu, "Mtu akizidiwa, apite wapi?"

Siku ya tamasha lile, umati ulifurika. Lango la dharura lilikuwa limefungwa kwa waya, eti wasio na tiketi wasipenye. Komeo aligomba, hakusikilizwa. Muziki ulipokolea, watu wakasukumana mbele. Waliobanwa kwenye chuma wakakosa pumzi. Mara uzio ukaachia. Watu wakamwagika. Komeo akaokotwa chini, hajitambui.

Sikieni, wasikilizaji: umati ulitoka hai. Aliyeumia vibaya ni fundi.

Alipozinduka hospitalini, swali lake lilikuwa moja tu. "Mama watoto, uzio nilifungua mimi, au ulianguka wenyewe?" Maana kama ulianguka, basi aliufunga vibaya. Mkewe hakujua. Waandaaji walisema uzio ulikuwa legelege. Mitaani kila mtu na lake. Mke akajiuliza, amdanganye mumewe ili atulie? Akaishia kusema, "Lala kwanza." Komeo akalala. Hakuamka tena.

Msibani akaingia dada mmoja, muuza maji wa pale uwanjani, mkono umefungwa bendeji. "Mama, mimi nilibanwa pale mbele. Baba alichomoa pini iliyoshikilia uzio, kwa mikono yake. Akapaza sauti, 'Piteni huku!' Tukapita." Kisha akaongeza, "Nadhani hata mimi nilimkanyaga."

Mjane alicheka, mara akalia. Hakujua amkumbatie au amfukuze. "Laiti ungemwambia yeye," alisema. Kisha akamshika ule mkono mzima. "Kaa, mwanangu. Nisimulie tena, polepole."

Kwa familia ya Komeo, poleni sana. Mungu awape subira. Waandaaji wa matamasha, lango la dharura halifungwi kwa waya. Halifungwi. Nasi tunaokwenda kucheza, ukiona mbele kumebana, usisukume. Rudi nyuma hatua moja. Aliye mbele yako hana pa kwenda.